Bohari ya programu huria nayo inataka watunzaji

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe dukuduku langu juu ya jambo ambalo halizungumzwi magazetini, ingawa linagusa ofisi, vyuo, hospitali na hata shule zetu huku Nyanda za Juu Kusini. Jambo lenyewe ni matunzo ya zile programu za kompyuta ziitwazo programu huria, na hasa matunzo ya ile programu inayosimamia vifurushi vyake. Nikisema vifurushi, msomaji asidhani ninazungumzia vile vya simu ambavyo huisha kabla jua halijazama. Kifurushi ninachokisema hapa ni programu iliyofungwa pamoja na maelezo yake yote, tayari kupelekwa kwenye kompyuta na kufunguliwa.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Kazi hiyo niliifanya Iringa kwa miaka kadhaa na sasa ninaifanya Mbeya, kwa hiyo ninayoyaeleza nimeyaona kwa macho yangu, sikuyasikia barazani.

Wananchi wengi wanaifahamu Bohari ya Dawa. Mganga wa zahanati haendi kiwandani kutafuta kila kidonge. Anaandika mahitaji yake, na bohari ndiyo inayojua dawa ipi iko wapi, imefungwa na nani na inakwisha muda lini. Katika kompyuta zinazotumia mfumo wa Linux wa aina ya Debian au Ubuntu, mtunza bohari huyo ni programu mbili zinazofanya kazi pamoja, dpkg na apt. Fundi akiomba programu moja, apt hutazama orodha na kuona kwamba hiyo moja haifanyi kazi bila nyingine ishirini. Huzichukua zote, hukagua saini ya kila orodha ili isije ikaingia bidhaa ya mlanguzi, kisha huzipanga kwa utaratibu, na dpkg huzifungua na kukumbuka kila faili ni la kifurushi kipi. Likitokea tundu la kupitisha wezi, kiraka hutengenezwa, huwekwa bohari, na fundi wa Njombe hukipata kwa amri moja sawasawa na fundi wa Ujerumani. Kabla ya mambo haya fundi alikuwa akitafuta programu mojamoja, akipata hii anakosa ile.

Sasa hebu tujiulize, vitu hivi vinatumika wapi? Vinatumika kila mahali penye seva. Mfumo wa DHIS2, ambao nchi yetu huutumia kukusanya takwimu za afya kutoka zahanati na hospitali, ni programu huria inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Vijana wetu vyuoni hutumia R kwa takwimu na QGIS kwa ramani, zote ni huria. Tena Iringa ina historia yake katika jambo hili. Kati ya 2014 na 2016 kijiji cha Ilalasimba, Wilaya ya Iringa, kilikuwa miongoni mwa vijiji vya kwanza kujaribu MAST, yaani kupima mashamba kwa simu ya mkononi ili wanakijiji wapate hati za hakimiliki za kimila. MAST nayo ilijengwa kwa programu huria, kwa msaada wa shirika la Marekani la USAID. Shirika hilo lilifungwa mwaka 2025. Sisemi kwamba hati za wakulima zimepotea, la hasha, hati ni karatasi yenye muhuri na mkulima anayo. Ninachouliza ni hiki: mfadhili anapoondoka, ni nani katika halmashauri ambaye barua yake ya ajira inasema kwamba kila mwezi ataangalia kama seva imepata viraka vyake?

Ninaogopa kwamba mara nyingi jibu ni hakuna. Na sababu ni neno moja ambalo limetuharibia sana, neno bure. Mkuu wa ofisi akiambiwa programu hii ni ya bure, anaelewa kwamba haina gharama, basi haiingizi katika bajeti, haipangii mtu, wala haiulizi habari zake mpaka siku inapogoma. Lakini hakuna kitu kilichotengenezwa na mikono ya watu kikadumu chenyewe. Debian ilianzishwa mwaka 1993 na kijana aliyeitwa Ian Murdock. Dpkg ilianza mwaka uliofuata, na apt ikaja mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990. Toleo la Debian 13 lililotoka Agosti 2025 lina vifurushi karibu 70,000. Wanaotunza shehena yote hiyo ni wanachama wapatao elfu moja pamoja na wasaidizi wao, wengi wakifanya kazi jioni baada ya ajira zao. Na dpkg yenyewe, ambayo bila hiyo hakuna kifurushi kinachofunguka, kwa miaka mingi imebebwa na watu wachache sana. Ukiwaweka katika Noah moja ya Mwanjelwa bado kondakta atakuwa anaita abiria.

Wapo wanaoniuliza, programu ikishakamilika inatunzwa nini tena? Swali hilo ni sawa na kumuuliza mtu wa barabara kwa nini anaziba mashimo ya barabara iliyokwisha zinduliwa. Januari 2019 iligundulika kwamba apt yenyewe ilikuwa na tundu. Mtu aliyeweza kujipenyeza njiani, kati ya kompyuta na bohari, angeweza kuidanganya apt ikapokea mzigo wa bandia na kuuweka kwenye kompyuta kwa mamlaka yote. Yaani mlinzi wa ghala ndiye aliyekuwa ameacha dirisha wazi. Mtafiti aliyegundua, Max Justicz, alitoa taarifa kwa utaratibu, watunzaji wakaziba, na Januari 22 mwaka huo kiraka kikatangazwa, pamoja na maelekezo ya namna ya kukichukua bila kupitia dirisha lile lile. Kompyuta ngapi za huku kwetu zilipata kiraka hicho wiki ile? Ile iliyokuwa na fundi ilipata. Ile iliyofungwa na mradi, mradi ukaondoka, ilibaki dirisha wazi.

Kisa cha pili kinatisha zaidi. Vifurushi vya Debian hubanwa ili viwe vidogo kwa kutumia programu iitwayo xz. Programu hiyo ilitunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja wa Finland, Lasse Collin, bila malipo. Mwaka 2022 watu walimwandikia wakimlaumu kwamba anachelewa. Yeye akajibu kwamba nguvu zake zimepungua, na kwamba wasisahau kuwa hii ni kazi ya mapenzi isiyo na ujira. Msaidizi wake aliyejiita Jia Tan, mchapakazi na mpole, akaaminiwa, akapewa funguo. Msaidizi huyo akaficha ndani ya matoleo mawili ya mwaka 2024 mlango wa siri wa kuingilia kwenye seva za watu. Ilitangazwa Machi 29, 2024 na mhandisi mmoja wa Microsoft, Andres Freund, aliyeigundua kwa sababu tu kuingia kwenye kompyuta kulichelewa kwa kiasi cha nusu sekunde naye hakupuuza. Mlango huo ulikuwa umeshafika katika matoleo ya majaribio ya Debian, bado kidogo kufika kwetu sote. Ajabu na kweli! Dunia nzima yenye makampuni ya mabilioni ilikuwa imemwachia mtu mmoja aliyechoka, na aliyekuja kumsaidia alikuwa mwizi.

Lakini Ndugu Mhariri, hatari ya wizi siyo jambo kuu lililonifanya nishike kalamu. Jambo kuu ni nani anayeamua.

Katika bonde la Usangu kule Mbarali, na vilevile Pawaga mkoani Iringa, wakulima wa mpunga wanajua sheria ya mfereji. Kabla ya msimu wanachama huitwa na majembe na makoleo kuondoa tope na magugu. Katika skimu nyingi asiyetokea hutozwa faini. Na wale wanaofika kwenye tope ndio hao hao wanaokaa baadaye kupanga zamu za maji, maji yaanzie wapi na yafunguliwe siku gani. Ukiwa mtu wa kuja na ndoo tu, hakuna atakayekukataza kuteka, ila shamba lako likikauka hutakuwa na pa kusemea, maana siku ya kupanga hukuwepo.

Programu huria huendeshwa hivyo hivyo. Watunzaji wa Debian waliamua kwamba kuanzia toleo la 13, Agosti 2025, mfumo huo hautatolewa tena kwa ajili ya kuwekwa kwenye kompyuta za zamani za biti 32 za aina ya i386. Uamuzi wao una sababu. Kompyuta hizo zimekuwa chache kwao, na waliokuwa tayari kuzifanyia majaribio na kurekebisha hitilafu zake walikuwa wachache zaidi. Siwalaumu hata kidogo, mtu hawezi kutunza asichokuwa nacho. Lakini sisi tunazo! Ziko katika maabara za shule za sekondari huku kwetu, zile zilizoletwa kwa msaada baada ya kutumika Ulaya, nzito kama tofali, nyingine bado zinawaka vizuri. Sasa zimebaki na toleo la 2023, ambalo nalo lina siku zake. Laiti katika nchi zetu za Afrika Mashariki wangekuwapo mafundi kumi wanaojulikana katika bohari ile kama watunzaji wa i386, neno letu lingesikika, na pengine tungepewa miaka miwili au mitatu zaidi ya kujipanga. Hatukuwepo. Tulikuja na ndoo.

Wakati huo huo watunzaji hao hao wamefanya kazi kubwa ambayo hakuna atakayewapigia makofi. Kompyuta za biti 32 kwa desturi yake ya kuhesabu sekunde haziwezi kuhesabu muda kupita Januari 19, 2038. Katika mwaka 2024 maelfu ya vifurushi vilibidi vijengwe upya ili aina nyingine za kompyuta za biti 32 zisije zikagoma siku hiyo, na i386 ikaachwa nje ya mabadiliko hayo. Hiyo ndiyo kazi ya utunzaji: kurekebisha leo jambo litakaloharibika miaka kumi na minne ijayo, nawe ukifanikiwa hakuna atakayejua kama kulikuwa na hatari.

Nitoe mfano wa huku kwetu. Chuo kimoja mjini Iringa, ambacho sitakitaja, kilikuwa na maabara ya kompyuta iliyowekewa Debian 9 na wageni wa mradi fulani. Toleo hilo lilitoka Juni 2017 na matengenezo yake yalifikia kikomo mwishoni mwa Juni 2022. Tarehe hiyo ilitangazwa mapema. Mwaka 2023 vifurushi vyake viliondolewa katika bohari kuu vikahamishiwa katika bohari ya kumbukumbu. Tangu hapo mwalimu wa maabara akiagiza programu, kompyuta inamjibu kwamba faili halipo. Nilipoitwa kutazama nilieleza kwamba kompyuta si mbovu, ni anuani ya bohari ndiyo iliyobadilika, na kwamba kwa siku mbili tatu za kazi zinaweza kupandishwa toleo moja baada ya jingine mpaka zifike la sasa. Uongozi uliniambia kwamba hakuna fungu la kitu cha bure. Baada ya miezi michache nikasikia zimewekewa mfumo mwingine kwa nakala ya wizi iliyonunuliwa kwenye flashi, ikiwa na virusi vyake ndani, na wanafunzi wakawa wanavibeba hadi kwenye kompyuta za steshenari mjini. Fungu la kulipa wa kuondoa virusi lilipatikana. Kwa kuwa hilo ni dharura.

Wapo watakaosema, ndugu yangu, sisi ni nchi maskini, kazi hizo waachie wenye nazo. Hoja hiyo siikubali. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na watu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili kuanzia neno la kwanza la menyu. Ilikuwa kazi ya Watanzania, na ilikuwa nzuri. Lakini ilipangwa kama mradi, nao mradi una mwanzo na mwisho. Programu ile ya asili iliendelea kubadilika kila mwaka, mwaka 2010 ikagawanyika na kuzaa LibreOffice, na kila badiliko lilitaka mtu wa kukaa tena na kutafsiri. Leo katika ofisi ninazozunguka, za Mbeya, za Iringa na hata za Makambako, sijakuta hata moja inayotumia menyu za Kiswahili. Ujuzi tulikuwa nao, tena miaka zaidi ya ishirini iliyopita. Kilichokosekana ni mtu wa kubaki na ile kazi sherehe ya uzinduzi ilipokwisha. Kwa upande mwingine DHIS2 niliyoitaja inatufundisha kinyume chake: wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki katika kuijenga na kuitunza kwa miaka mingi, na katika mambo ya mfumo huo Mtanzania anasema na anasikilizwa.

Kwa maoni yangu basi wahusika wayatazame mambo machache yasiyohitaji ndege wala warsha ya hotelini. Fundi wa kompyuta wa halmashauri au hospitali apewe kwa maandishi angalau saa nne kila wiki za utunzaji, na katika saa hizo iruhusiwe, tena ihesabiwe kuwa ni kazi, kuandika taarifa ya hitilafu na kuituka kwa watunzaji wa programu husika, au kupeleka kiraka. Hivi sasa kijana akifanya hivyo ofisini anaonekana anachezea mtandao.

Vyuo vyetu navyo, kama Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na Chuo Kikuu cha Iringa, vina wanafunzi wanaotafuta kazi ya kuonyesha mwisho wa masomo. Kila mwaka ninaonyeshwa mfumo mpya wa kuazimisha vitabu vya maktaba, nao kila mwaka hufa mwenye nao akihitimu. Kwa nini wawili watatu wasipewe kifurushi kimoja cha Debian wakitunze? Vipo vingi visivyo na mwenyewe, na Debian yenyewe huviita yatima na kuvitangaza hadharani. Mwanafunzi akichukua yatima mmoja, akamlea kwa mwaka chini ya mwalimu na kumkabidhi kwa mwenzake wa mwaka unaofuata, atakuwa amejifunza kazi ambayo darasa haliwezi kumfundisha, yaani kuishi na kosa la mtu mwingine na kulirekebisha bila kuvunja vya wengine.

Jambo jingine ni nakala ya bohari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, nasi sote tunakumbuka intaneti ilivyokuwa siku zile. Maabara iliyokuwa na nakala yake ya bohari ndani ya jengo iliendelea na kazi za kuweka programu kama kawaida. Nakala ya toleo moja inaenea vizuri katika diski ya terabaiti moja. Mimi yangu huipeleka Iringa kwa basi, na nakiri basi hilo, pamoja na kusimama kwake Igawa na Mafinga, hufika kabla ya mtandao kumaliza kuvuta mzigo wa namna hiyo. Hata hivyo diski ya fundi mmoja siyo mpango. Vyuo vya mikoa hii miwili vinaweza kuweka nakala rasmi, mmoja Mbeya na mmoja Iringa, zinazojisasisha kila usiku na zenye mtu anayewajibika zikisimama.

Na kuna lugha. Apt inazungumza na fundi kwa sentensi fupifupi: nimeona hili, nimekosa lile, hiki kinahitaji kile, una hakika unataka kukiondoa? Imetafsiriwa hata katika Kidzongkha cha watu wa Bhutan. Lakini katika kompyuta zote ninazozitunza sijaiona ikizungumza Kiswahili, lugha ya watu zaidi ya milioni mia. Matokeo yake fundi mchanga asiyejua Kiingereza vizuri hubonyeza ndiyo kwa kila swali, na siku moja hubonyeza ndiyo kwenye swali la kufuta. Ujumbe wenyewe ni mamia machache ya sentensi. Walimu wawili wa Kiswahili na mafundi wawili wanaweza kuzimaliza katika likizo moja, kisha mmoja wao akabaki na jukumu la kuzitazama kila toleo jipya linapotoka. Huyo mmoja wa kubaki achaguliwe kabla kazi haijaanza, na jina lake liandikwe. Mimi kwa upande wangu nimeshatafsiri zile za kufuta na za onyo la saini, na ninaendelea kila Jumamosi mchana.



Fundi Kompyuta,
Uyole, Mbeya.